Askari Aliye Chini: Uhakiki wa Sanamu ya Wissmann

Darasani tumezoea kuiuliza kazi ya fasihi maswali mawili: nani anasema, na anasemea wapi? Katika makala haya nitayauliza maswali hayo kwa kazi isiyo shairi wala riwaya, bali sanamu ya shaba iliyohamishwa mara nyingi. Naijua kwa picha tu, lakini inanihusu, na sababu nitaieleza.

Hermann von Wissmann alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani. Mwaka 1889 alikuja pwani ya Mrima kuzima upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani, ambaye alinyongwa Desemba ya mwaka huohuo. Wissmann alifariki 1905, na mwaka 1909 sanamu yake ikasimamishwa Dar es Salaam. Juu yuko yeye, ametazama mbali. Chini yuko askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama bwana wake, huku akimshushia bendera simba aliyekufa.

Ujumbe wake hauna fumbo: simba ni nchi iliyoshindwa, bendera ndiyo sanda yake, na anayeifunika ni Mwafrika mwenyewe. Wissmann ana jina, askari hana. Tena jeshi la Wissmann lilijaa Wasudani walioajiriwa Misri na watu kutoka Msumbiji. Msanii amewafuta wote hao akabakiza “Mwafrika” mmoja mwenye shukrani.

Kila ilipohamishwa, sanamu ilibadili maana. Dar es Salaam ilikuwa onyo kwa waliotawaliwa. Waingereza walipouteka mji huo mwaka 1916 waliichukua, ikawa ngawira ya vita huko London. Mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, na huko ikawa kilio cha taifa lililopoteza makoloni. Mabomu yaliiangusha mwaka 1945, ikarudishwa mwaka 1949. Hatimaye, mwaka 1968, wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha wenyewe, ikafungiwa ghala la kituo cha kutazamia nyota cha Bergedorf.

Nawaunga mkono wanafunzi wale. Wanaosema kwamba waliharibu historia wanasahau kwamba sanamu ile haikusimamishwa ili kufundisha historia; ilisimamishwa ili kutukuza. Lakini sikubaliani na wanaodhani kwamba kesi iliisha siku ile. Waliobishana juu ya sanamu hii, wa kuipenda na wa kuichukia, walibishana juu ya mtu wa juu. Yule wa chini aliendelea kunyamaza.

Hapo ndipo sanamu inaponigusa. Mimi ni Mrundi niliyekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Bujumbura ilianza kama kambi ya kijeshi ya Wajerumani, Usumbura, mwaka 1897. Kiswahili kilitufikia kwa midomo ya wafanyabiashara, na pia ya askari kama yule. Nilipochagua kusomea lugha hii, mjomba aliniuliza kwa nini nisome lugha ya watu waliokuja na bunduki. Sikuwa na jibu. Nikimcheka askari wa shaba kwa kuinua uso wake, namcheka mmoja wa walionipa lugha. Nikimtetea, nasahau waliopigwa risasi naye.

Chuo cha Hamburg chenyewe kilirithi Taasisi ya Kikoloni ya mji huo, na Carl Meinhof alifundisha humo lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Kwa hiyo lugha yetu ilisomwa ndani, huku askari akiwa nje miguuni pa afisa.

Dar es Salaam ilipata sanamu nyingine mwaka 1927, na safari hii askari anasimama peke yake, bunduki mkononi, bila afisa juu yake. Bamba lake lina maneno ya Kiswahili pia. Hiyo ni hatua, lakini naye hana jina, na waliompa heshima hiyo walikuwa watawala wapya. Linganisha na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhry. Unasimulia vita vilevile, lakini anayesema ni mtu wa pwani, na watu wake wana majina na wanazungumza. Utenzi hauhitaji kiwanja wala ruhusa ya gavana; unahama na msomaji wake.

Hoja yangu basi ni hii: anayeihakiki sanamu ya Wissmann aanzie chini. Amuulize askari katoka wapi, kalipwa nini, kamwachia nani lugha yake. Mjomba nimemjibu hivi: nasoma Kiswahili ili niweze kuyauliza maswali hayo kwa lugha ambayo askari yule angeielewa.