Heko, wakunga wa Bukavu

Kabla ya 2018, msichana wa Kadutu, Bukavu, aliyebakwa akapata mimba hakuwa na mlango halali wa kubisha. Kifungu cha 165 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kilimtisha mtoaji mimba kwa jela ya miaka 5 hadi 15. Cha 166 kilimngoja msichana mwenyewe, miaka 5 hadi 10. Basi alibisha usiku, kwa mkunga au muuguzi wa mtaani.

Si kila aliyefungua alistahili sifa. Wapo waliotumia vijiti na mizizi, na watu wakafa. Heko zangu ni kwa mafundi: wanawake waliofunua kope la chini kuona kama damu imekwisha mwilini, wakapima homa, wakachemsha vyombo, wakavuta mabaki kwa bomba la mkono, na wasimuulize mgonjwa kafanywa nini na nani. Aliyewashinda walimkimbiza hospitali wenyewe, wakijua polisi wangeweza kuuliza.

Kongo iliridhia Mkataba wa Maputo, ule wa haki za wanawake wa Afrika, mwaka 2008, lakini haukuchapishwa katika Gazeti Rasmi hadi tarehe 14 Machi 2018. Miaka 10 karatasi imelala Kinshasa! Ndipo ruhusa ikapatikana kwa aliyebakwa, aliyeziniwa na ndugu, au ambaye mimba inahatarisha afya au uhai wake.

Majina ya mafundi wale hayakuandikwa popote, na ilikuwa busara. Wizara ya Afya ikitafuta wa kuwanoa wauguzi vijana, ianzie kwa hao, tena iwalipe.