Kupona kansa, kisha nani anakufuata?



Mwaka 2018 OMS ilitangaza mpango wake juu ya kansa ya watoto: ifikapo 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wagonjwa duniani wapone. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika nchi maskini, chini ya 30. Kwa hiyo lengo ni zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni pahali hesabu inasimama.

Mimi nimesoma agronomia, si uganga. Kwetu ukipanda mahindi, siku ya kumi unahesabu yaliyoota. Ni hesabu ya kweli, lakini hakuna mtu anajaza gunia siku hiyo. Kuna palizi, kuna viwavi. CureAll, kitabu cha mpango huo cha 2021, hakikusahau maisha baada ya matibabu, ila namba yenye kila serikali itaulizwa ni ile ya kupona tu. Basi nani atapoteza feza kufundisha muforomo wa kijijini?

Na ni yeye atakutana nao. Mtoto wa shangazi yangu alitibiwa Burkitt, ile kansa ya kuvimbisha taya. Leo ana miaka 22. Mwaka jana alianza kukosa pumzi akipanda mlima na bidoni ya maji. Kituo cha afya alienda mara tatu: malaria, tifoidi, kisha eti ni mawazo. Hakuna aliyemuuliza utoto wake. Naye hakusema, juu kwake kansa ilikwisha zamani.

Kumbe doksorubisini inaweza kuumiza moyo hata miaka mingi baadaye. Sisplatini inagusa masikio na figo. Mwenye alitolewa figo moja hapaswi kupewa ibuprofeni ovyo ovyo. Hayo hayahitaji dokta wa kansa. Mchana mmoja wa mafunzo unatosha kuanza.

Wengine watasema tuchukue mwongozo wa Children's Oncology Group ya Marekani, wenye uko tangu 2003. Ni kazi kubwa, na ni bure. Lakini unauliza dozi: kiasi gani cha dawa mtoto alipata, ndipo unakuambia moyo upimwe kila baada ya muda gani. Kwetu karatasi hizo ziko wapi? Ningeanza na kadi moja, dawa na dozi zake, anapewa kijana mwenyewe siku anatoka hospitali. Na swali moja juu ya fishi: utotoni ulitibiwa kansa?

Mwishowe tulichanga, akaenda mjini kwa ekografi ya moyo. Munganga akauliza dawa aliyopewa zamani iliitwaje. Karatasi ziliisha kuoza na mvua. Shangazi akafikiri sana, kisha akasema: "Ilikuwa nyekundu."

Munganga akaweka kalamu chini, akamwambia kijana avue shati.