Sifa ya Nadi

Katika kazi zote afanyazo binadamu, zipo zilizowekewa ujira na zipo ambazo ujira wake umo ndani ya kazi yenyewe. Na katika hizi za pili, sijaona katika kisiwa cha Unguja iliyo na taadhima kuliko kazi ya watu wa nadi, yaani vyama, za taarab, ambao mchana utawakuta dukani, ofisini, skuli, bandarini au nyuma ya cherehani, kila mmoja akihangaikia riziki ya wanawe, na baada ya sala ya isha utawaona wakipanda ngazi za jumba la nadi, huyu na fidla yake kwapani, yule na udi wake ndani ya mfuko wake, wakae pamoja hadi usiku mwingi wakiurudia wimbo mmoja mpaka utulie. Hapana awalipaye mshahara kwa saa hizo. Aghalabu wao ndio watoao, kwani nadi huishi kwa michango ya wanachama wake, na hata tunza anayopewa mwimbaji jukwaani, ikigawanywa kwa idadi ya vichwa, haimtoshi mtu kununua hata nyuzi za chombo chake.

Asili ya fani hii, walakini, si nadi bali ni kasri. Sayyid Barghash bin Said, sultani aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alipendezewa mno na muziki wa Misri, akaleta wapigaji kutoka huko wamburudishe, kisha akampeleka Cairo kijana wa Unguja, Mohamed Ibrahim, akajifunze ganuni, na aliporudi akawafundisha wengine. Huo ulikuwa muziki wa baraza ya mfalme, ukiimbwa kwa Kiarabu, na mpigaji wake alikuwa mtumishi wa kasri. Mwaka 1905 ndipo jambo lilipogeuka, pale vijana wa mjini walipoanzisha Nadi Ikhwan Safaa, wakachangishana na kuagiza ala zao wenyewe kutoka Misri. Jina hilo lilikwisha kuchukuliwa zamani na jamaa wa wanafalsafa wa Basra waliotunga risala 52 juu ya elimu zote, na moja katika risala hizo wakaihusisha na muziki. Nao vijana wa Unguja wakaliweka juu ya mlango wa chama cha watu waliokutana kwa mapenzi ya jambo moja. Tangu siku hiyo fani ikatoka katika mikono ya wanaotumwa, ikaingia katika mikono ya wanaopenda.

Tazama basi yaliyopita juu ya mapenzi hayo. Masultani walirithiana kiti hadi wa mwisho wao. Himaya ya Waingereza ilikwisha. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuja, na nadi ikalazimika kuliweka kando jina lake kongwe na kuitwa kwa jina la mtaa wake wa Malindi, miaka mingi kabla ya kurudishiwa lile la asili. Wenzao wa Culture Musical Club, ambao chanzo chao ni mwaka 1958 na jumba lao liko Vuga, nao walipitia mabadiliko yao ya majina na ya wasimamizi. Dola zilibadilika na bendera zikabadilika, ilhali usiku wa mazoezi ulibaki usiku wa mazoezi.

Atakaye kuijua kazi hii ilivyo, na asingojee siku ya tamasha. Aende akamwangalie mpigaji wa ganuni kabla ya wimbo wa kwanza. Ala hii ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, nazo zimepita juu ya daraja linalokaa juu ya ngozi iliyowambwa. Na maadamu mji wetu uko kando ya bahari, unyevu wa masika huilegeza ngozi, na nyuzi zote zikahama zilipokuwa jana. Basi fundi huiweka ganuni mapajani au mezani, akashika ufunguo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaudona uzi, akasikiliza, akakaza kidogo, akadona tena, uzi kwa uzi, huku wenzake wakizungumza na kahawa ikipita, naye hana haraka wala hana ghadhabu. Akimaliza, huvaa pete mbili katika vidole vyake vya shahada, akachomeka ndani yake vijiti vyembamba vya kudonea, na mkono wa kushoto ukawa unacheza na vijisu vidogo vya madini vilivyo ubavuni, ambavyo akikiinua kimoja au akikilaza, sauti hupanda au hushuka kwa kiasi kidogo sana, apate zile sauti za katikati zitakiwazo na maqam, yaani mipango ya sauti, kama rast na bayati, ambazo piano haina funguo zake. Nusu ya ustadi wake imekwisha kutumika kabla msikilizaji hajajua kuwa muziki umeanza.

Na wimbo nao hauzaliwi kwa mtu mmoja. Mshairi huleta maneno, beti za mishororo mitatu mitatu zenye vina vya kati na vya mwisho na mizani iliyotimia. Mtunzi wa sauti huyachukua akakaa nayo pamoja na udi wake hata ayapatie maqam inayoyafaa, kwa kuwa neno la huzuni halikubali kila sauti, na neno la kejeli lina njia yake. Kisha huja nadi akawapigia wenzake mshororo baada ya mshororo, fidla zikafuata, akodiani ikafuata, dumbak na rika vikatafuta mahali pa kuweka mpigo, na waitikiaji wakajifunza kipokeo. Wapo wanaojua kusoma nota, lakini sikio ndilo hakimu. Akikosea mmoja, wote husita na kurudi nyuma, wala mwenye kukosea hafedheheshwi, kwani kila aliyemo chumbani aliwahi kusitisha wimbo kwa sababu yake.

Hapa ndipo ilipo siri ya fani, na ndilo jambo nililokusudia kulisema. Taarab asilia si muziki wa kila ala kushika njia yake mbali na nyingine. Fidla, ganuni, udi na nai, zote hupita katika sauti moja, kila moja ikiipamba kwa tabia yake, na uzuri wake ni kwamba mapambo hayo yasigombane. Jambo hilo haliwezekani ila kila mpigaji awasikilize wenzake zaidi ya anavyojisikiliza mwenyewe, ajue lini fidla ya jirani itaburuta na lini mwimbaji atavuta pumzi. Na maarifa hayo hayapatikani kwa mazoezi ya wiki moja kabla ya harusi. Hupatikana kwa miaka ya kukaa pamoja, kuzikana na kuozana. Kwa hiyo nasema kwamba kukosa mshahara si upungufu wa nadi, bali ni msingi wake, kwani aliyekuja kwa mapenzi hana sababu ya kuitazama saa, na asiyeitazama saa ndiye anayeweza kusikiliza.

Hata Siti binti Saad, mwimbaji mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri na kuifikisha taarab ya Kiswahili kila pwani, alikuwa na baraza yake ya usiku huko Ng'ambo, ambapo yeye na wapigaji wake waliyapima maneno na sauti pamoja, na habari za mji zikageuka nyimbo. Sahani zilikuja baadaye, baraza ilitangulia.

Wala hili si letu peke yetu. Huko Ireland, nchi ya mvua iliyo mbali na karafuu zetu, wafanyakazi na walimu wa vijijini hukusanyika jioni na fidla, filimbi na akodiani, wakapiga bila nota ngoma walizorithi kwa wazee wao, wote katika sauti moja kama sisi, na mwaka 1951 walianzisha jumuiya iitwayo Comhaltas Ceoltóirí Éireann ili mila hiyo isipotee. Mtu wa Malindi akiketishwa kati yao asingeijua lugha, lakini adabu ya kikao angeitambua mara moja.

Siku hizi kinanda cha umeme kimechukua mahali pa watu kumi, na taarab ya kisasa iliyoenea tangu miaka ya 1990 hupata hadhira kubwa na pesa nyingi zaidi. Siitukani, kwa sababu nayo ina wenyewe na ina furaha yake. Ila kinanda hakimsikilizi mtu, na kijana aliyelelewa nacho hupata wepesi wa vidole bila kupata ule utulivu. Chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002 katika Forodha Kongwe pale Mizingani, kimefundisha vijana wengi, wake kwa waume, udi na ganuni. Hiyo ni neema kubwa, lakini chuo humpa mtu elimu ya ala, na nadi ndiyo impayo wenzake.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, na tunza bora si noti ya jukwaani peke yake. Kwa hiyo, ewe msomaji, ukiwa na mwana mwenye sikio, mpeleke nadi angali mdogo, akae pembeni na kushika rika. Ukiwa na uwezo, nunua nyuzi za udi au za ganuni uzipeleke, kwani nyingi huagizwa kutoka ng'ambo na bei yake ni nzito kwa mtu wa mshahara mdogo. Na ukiwa huna hili wala lile, nenda usiku mmoja wa mazoezi, ukae, usikilize wimbo hadi mwisho.