Mbele ya Wenye Historia

Mwanafunzi wa historia huanza kwa kuhoji karatasi. Karatasi haichoki, haikasiriki, wala haimwulizi yeye ni mtoto wa nani. Akiendelea na shahada ya uzamili katika historia ya umma, anapelekwa mbele ya watu wanaoweza kumwuliza hayo yote, na hapo ndipo mtihani wake unapoanzia. Katika taaluma nzima ya historia, hakuna ufundi ninaouheshimu kama huu.

Jina la historia ya umma lilishika mwaka 1976, Robert Kelley alipoanzisha mafunzo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ili wahitimu wafanye kazi pia kwenye makumbusho na serikalini. Kazi yenyewe, hata hivyo, sisi tulikwisha kuionja. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walitumwa kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vya 1905 hadi 1907. Gilbert Gwassa, aliyefika hadi uzamivu, aliwasikiliza Wamatumbi, ambao nchini mwao ndimo pamba ya kwanza iling'olewa. Nyaraka za Wajerumani zilisimulia uasi. Wazee walisimulia kwa nini mtu mwenye akili timamu aliyanywa maji yale ya dawa akaikabili bunduki.

Kusikiliza namna hiyo hakuji kwa kipaji peke yake. Mwanafunzi hufundishwa kuomba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na kukizima bila kinyongo akiombwa. Hufundishwa kuuliza swali fupi, kisha kunyamaza. Mzee akinyamaza naye, asiikimbilie nafasi ile na swali jingine. Pengine mzee anapima kama kijana huyu anastahili kuambiwa. (Wengi wetu hatuna subira hiyo hata kwa wazazi wetu.) Kazi ikishaandikwa, anairudisha kwa msimulizi na kumsomea. Msimulizi akisema, "Sivyo," anarudi kuanza upya.

Kisha kuna kibao cha maelezo kando ya kabati la kioo. Tasnifu ina kurasa mia kadhaa za kujitetea. Kibao kina aya moja, na msomaji wake amesimama, ameshikwa mkono na mtoto anayetaka kuondoka. Katika aya hiyo lazima aliyeua atajwe, aliyeuawa atajwe, na lisiwepo jambo lisilo na ushahidi. Nimesoma vibao vyenye ujasiri kuliko vitabu vizima.

Cape Town wanafunzi wana pa kujifunzia ufundi huu. Chuo Kikuu cha Western Cape kimefundisha kwa ushirikiano na Makumbusho ya Robben Island, na kimewapokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Katika mji huohuo ipo Makumbusho ya District Six, iliyofunguliwa Desemba 1994 ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa kwa nguvu katika mtaa huo chini ya ubaguzi wa rangi. Makumbusho ilitandaza ramani ya mtaa sakafuni, na waliofukuzwa wakaja kuandika majina yao pale zilipokuwa nyumba zao. Wataalamu walikuwa na busara ya kuwapa kalamu na kusogea kando.

Ufundi huu unahitajika Songea sasa hivi. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Maji Maji aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, bado unalitafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Kazi iliyobaki ni ya msomi aliyefunzwa. Vyuo vyetu vimfundishe Kijerumani cha madaftari ya makumbusho ya kule, na vimfundishe pia kuketi barazani na ukoo. Jibu likiwa kwamba fuvu halijapatikana, awe yeye mwenyewe atakayesafiri hadi Songea kuwaambia, na akae hadi maswali yao yaishe.