Wenyeji katika kitabu cha Grzimek juu ya Serengeti

Kitabu cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, kilitolewa mwaka 1959, na filamu yenye jina hilo hilo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Sifa zake ni za haki. Baba na mwana waliruka kwa ndege ndogo, wakahesabu wanyama wa nyika na kuzifuata njia za nyumbu. Michael akafa kazini, ndege ilipoanguka Januari 1959.

Walakini kasoro yake imo katika hoja iliyo kuu, kwamba hifadhi ya taifa haina budi kuwa nyika ya asili isiyokaliwa na mtu, hata mwenyeji. Jina la kitabu lenyewe laipinga hoja hiyo, maana Serengeti husemwa kuwa ni neno lililotokana na Kimasai, lenye maana ya uwanda mpana. Walioipa nchi jina ndio walioambiwa kuwa si mahali pao: mwaka huo huo wa 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, wakaahidiwa makao Ngorongoro.

Tena nyika hiyo si ya tangu kale kama inavyosawiriwa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe, na njaa ikapunguza watu. Nao nyumbu, waliokuwa kiasi cha 250,000 mwaka 1961, walizidi 1,000,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, na sababu yake kubwa ni kwamba ng'ombe wa wafugaji walichanjwa, sotoka ikatoweka porini. Mnyama wa pori alipona kwa kuponywa ng'ombe wa jirani yake.

Madhara ya kumtenga jirani huyo yalidhihirika ng'ambo ya mpaka, Kenya. Amboseli ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, baadhi ya Wamasai waliua faru kwa mikuki, si kwa tamaa ya pembe, bali kwa kupinga kunyimwa malisho na maji. Ugomvi wa ardhi ulilipwa na faru.

Wala jambo hili halijawa la historia tu. Juni 2022 palitokea machafuko Loliondo juu ya mipaka ya pori tengefu, na mwaka huo huo familia za Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Kwa hiyo kitabu hiki kisomwe kwa hesabu yake ya wanyama. Lakini neno lake juu ya watu lisishikwe kama kanuni ya maumbile, kwani ni rai tu, na gharama yake imekwisha kuonekana.