Mdomo wa Sinema Bubu

Mwaka 1994 runinga za Marekani zilionyesha Young Indiana Jones and the Hollywood Follies, filamu ya visa na mikasa inayoturudisha Hollywood ya mwaka 1920. Kijana Indiana anatumwa na wakuu wa studio ya Universal akamdhibiti mwelekezi Erich von Stroheim, anayetafuna bajeti ya filamu yake, Foolish Wives, bila huruma. Ubadhirifu huo si wa kubuni. Von Stroheim alijenga Monte Carlo yake huko California, na picha ilipotoka mwaka 1922 studio iliinadi kuwa imegharimu zaidi ya dola milioni moja. Kichekesho ni kwamba filamu hii inayosimulia enzi za sinema bubu imejaa maneno, tena Kiingereza cha mbio.

Niliitazama Werugha, huku juu Taita, ukungu wa msitu wa Ngangao ukiwa umeshatushukia. Bibi mwenye nyumba hajui Kiingereza. Mjukuu wake akachukua rimoti, akazima sauti, akaanza kazi.

"Bibi, huyu ndiye mwenye pesa. Yule anayefoka ndiye anayezimaliza. Na huyu kijana katumwa akamwambie asizimalize."

"Ni kama kibarua aliyelipwa kabla ya kulima," bibi akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kijana akangoja kikohozi kiishe ndipo akaendelea, Kiswahili akikitia Kidawida pale bibi alipokunja uso. Wakuu wa studio walipobishana kwa muda mrefu, yeye alimaliza kwa sentensi moja. Farasi walipoanza kutimka, akanyamaza kabisa. Hapo nikajua ana ufundi. Kusema kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kujua ni lini picha inajitosheleza.

Ufundi huo ni mkongwe kuliko runinga. Sinema bubu haikuwahi kuwa kimya: kulikuwa na kinanda ukumbini, na huko Japani palikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia akiwasemea waigizaji wote, wa kike kwa wa kiume. Watu walilipa kiingilio kwa ajili yake, nyota wa picha akija baadaye. Sauti ilipoingia kwenye filamu wengi wao walikosa kazi, ingawa Musei Tokugawa, mmoja wa mahodari wao, alihamia redioni na akang'ara vilevile.

Kwetu, kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu za kufundishia na kuzizungusha Afrika Mashariki. Picha zenyewe zilikuwa bubu; maneno yaliwekwa kwenye sahani za santuri, ili picha ileile isemeshwe lugha mbalimbali. Wazo zuri, lakini santuri haisikii ukumbi. Haiwezi kungoja mtu akohoe.

Wasimulizi wa filamu wanaoujua ukumbi wao walikuja baadaye, zama za kanda za video. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, Kampala ina VJ Jingo na wenzake, na Kenya nzima, kuanzia vibanda vya video hadi matatu za masafa marefu, inaijua sauti ya DJ Afro. Wasomi huwabeza kwamba wanaongeza chumvi na kutafsiri visivyo. Ni kweli wanaongeza. Ni kweli pia kwamba nyingi ya filamu hizo husimuliwa bila idhini ya wenyewe, na hilo halifai kufichwa. Lakini anayewabeza ajaribu kusemea watu sita kwa koo moja, wakati risasi zinalia, na kina mama waliochoka na shamba wasisinzie.

Kenya ina Tuzo za Kalasha za filamu na runinga. Waandalizi wake na wamiliki wa filamu wakae na wasimulizi hawa, wapange leseni ya bei wanayoimudu, kisha wawatengee nafasi yao jukwaani. Yule kijana wa Werugha aanze kazi akiwa na kibali mkononi.