Kuachanisha Gogo

Mzee wa Kikonongo pale Inyonga, wilayani Mlele, haanzi na shoka. Hulizunguka kwanza gogo la mninga, akipapasa ncha zake kwa dole gumba, akitafuta mahali mti wenyewe umekubali. Ndipo huchomeka kabari ya kwanza, akagonga, akatega sikio. Kisha ya pili. Mlio ukibadilika husema, "Linaachana." Hasemi linapasuka. Kwake kupasuka ni kuharibika, na gogo lililopasuka ni kuni tu.

Pande mbili zikishalala chini, kila mmoja huchimbwa kwa tezo mpaka ubaki kama mtumbwi mfupi. Halafu zinarudishwa uso kwa uso, kila upande ukikaa palepale ulipotoka, na kufungwa kwa kamba za magome. Nyuki wakishahamia huziba wenyewe upenyo mdogo uliobaki. Siku ya kurina asali pande huachanishwa tena, polepole, masega mengine hukatwa, mengine wakaachiwa nyuki wenyewe, na mzinga ukafungwa. Hakuna msumari hata mmoja. Nimeitazama kazi hiyo nikaona adabu ndani yake, adabu ileile ya watu wa Mpanda wanaokusindikiza mpaka njia panda, wakasema "Tuachane hapa," kisha wakasogea nawe hatua nyingine mbili tatu.

Reli yao nayo huachana na ya Kigoma pale Kaliua, ikashuka kilometa 210 kufuata madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda enzi za Waingereza. Mwaka 2012 Katavi, wanakoishi wote hao, ikaachana na Rukwa, ikawa mkoa.

Najua gogo hugharimu mti mzima, na mzinga wa mbao una faida zake. Lakini tazama jinsi unavyotengenezwa siku hizi: mbao mbichi, misumari ya haraka, rangi juu. Jua la Septemba likiwaka, mbao zinaachana zenyewe, sungusungu wanaingia, nyuki wanahama. Na huku miombo ileile inateketea kukaushia tumbaku, bila mtu kuigonga wala kuitegea sikio. Wenye tezo wanazeeka, na pembeni yao hakuna kijana aliyekaa kujifunza.

Fundi unayeunda mizinga pale Mpanda mjini, kausha mbao zako kabla ya kupiga msumari. Nanyi vijana wa Mlele, nendeni mkakae na wazee hao kungali mapema.